Mshenga wa Matufaha

Mei, karibu na Maidstone, saa moja asubuhi.
Ua bado ni puto la waridi, halijafunguka.
Nalibana kwa koleo, nalivua petali,
nang'oa stameni moja baada ya nyingine
(ishirini, nahesabu kwa mazoea),
nabakiza stigma tano, uchi, zinangoja.
Kisha brashi, na chavua kutoka kichupa
kilicholala wiki mbili kwenye friji
ubavuni mwa maziwa yetu ya chai.
Mfuko wa karatasi. Kamba. Lebo kwa penseli,
maana wino huoshwa na mvua ya Kent,
na mvua ya Kent haina adabu.

Mama alipiga simu kutoka Lushoto:
"Hivi huko hasa unafanya kazi gani?"
Nikamwambia mimi ni mshenga,
naozesha matufaha.
Akacheka hadi salio likaisha.

Huku nimejifunza kuwatilia shaka wahenga.
Mwana wa nyoka ni nyoka, walisema.
Haya, panda mbegu kumi za tufaha moja:
watoto kumi wasiojuana.
Huyu mchachu kama ndimu, yule unga mtupu mdomoni,
mwingine mdogo kama kifungo cha koti.
Hakuna amrudiaye mama.
Anayetaka kumhifadhi mama
akate kijiti chake, akipandikize kwenye shina la mgeni,
afunge utepe, asubiri
majeraha mawili yakubaliane.

Siku hizi hatungoji tunda.
Miche elfu nne: tunatoboa jani,
tunasaga, mashine inasoma vinasaba,
na kabla ya chai ya saa nne hukumu imetoka.
Huyu ana jeni ya kuukinga upele. Huyu hana.
Wasio nayo, mboji.

Lakini mstari wa kumi na saba
ulipandwa kabla mashine haijanunuliwa.
Humo alikuwamo mia na kumi na mbili,
mwembamba, ameinamia upande wa reli.
Septemba nikamuuma tunda ili nijaze fomu:
ugumu, nane; maji, saba; rangi, tano;
kalamu ikasimama.
Mwanzo ukali, kama tunda la porini.
Kisha asali. Kisha, ukishameza,
kitu kama harufu ya iliki
kwenye kikombe kilichokwisha kuoshwa.
Fomu haikuwa na safu ya iliki.

Bi Rosalind Tapsell,
miaka thelathini na mmoja kwenye mistari hii,
aina mbili tu zilizofika sokoni,
aliuma, akanyamaza,
akageuza jani: madoa, kama masizi ya sufuria.
"Upele," akasema. "Dawa mara kumi na tano kwa msimu.
Nani atakushukuru?"
Akaufunga mti utepe mwekundu.
Utepe mwekundu ni msumeno.

Januari, ardhi ngumu kama kigae,
trekta lilisikika tangu langoni.
Yeye alikuwa amebakiza siku sita astaafu.
Alitoa kisu mfukoni, akakata kijiti urefu wa penseli,
akakiviringisha kwa gazeti bichi
na kunipa bila kunitazama.
"Hiki hakimo daftarini."
Nikakiweka kwenye friji. Pamoja na maziwa.

Mwaka wa tatu, kwenye ndoo
nyuma ya nyumba ninayopanga,
baina ya baiskeli ya jirani na pipa la taka,
ulizaa matatu.
Upele ulikuja Juni, kama ulivyoahidiwa.
Niliukwangua kwa kidole gumba; kucha sina,
nazikata fupi kwa ajili ya maua.

Nilimtumia mama picha.
"Mbona lina ndui?"
Ndilo lenyewe, nikamwambia.

Nilikata moja. Nusu nikaila nimesimama.
Nusu nikaifunga kwa leso, nikapanda basi,
na nilipobisha hodi kwa Bi Tapsell
ilikuwa imeshageuka rangi ya kutu.
Akainusa kwanza, muda mrefu,
kama mtu anayesoma lebo iliyofutika.